Saa Iliyosingiziwa kwenye Njia ya Ubwari

Bandarini Kalundu

Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne, niliivua saa yangu mkononi na kumpa mtu mwingine. Katika miaka kumi na moja niliyokuwa nayo sikuwahi kufanya hivyo nikiwa ndani ya chombo cha majini. Nawaandikia ninyi mlioniuliza pale mtaani Rugenge kwa nini niliondoka kwa safari ya siku tatu nikarudi siku ya nane, na kama ni kweli saa yangu ndiyo iliyopotosha boti. Si kweli. Lakini jibu lenyewe ni refu kuliko neno hilo, na sehemu yake moja hainipendezi.

Wengi wenu mnaijua saa hiyo kwa macho tu. Ni saa ya wapiga-mbizi, ya bei nafuu, isiyo na betri. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachozunguka kila mkono unapotikisika, nacho hujaza springi. Ukiiacha mezani siku mbili inasimama. Niliinunua Bujumbura kwa dola sabini, na muuzaji alikuwa mwaminifu kiasi cha kuniambia kwamba si saa ya kujivunia. Tangu hapo nimebadilisha mkanda mara nne na mpira wa kuzuia maji mara mbili. Kioo kina mkwaruzo mrefu nilioupata nikishusha pampu Mulongwe mwaka wa mafuriko. Kila siku inawahi kwa sekunde tisa. Najua kwa sababu kila Jumapili naipima na redio na kuandika.

Jambo moja la saa hiyo lazima mlielewe, maana safari yote iko humo. Kuzunguka kioo kuna pete yenye alama za dakika sitini. Mpiga-mbizi anapozama huigeuza pete mpaka alama ya pembetatu ikae mbele ya mkono wa dakika. Baadaye anasoma kwenye pete amekaa chini ya maji dakika ngapi. Pete inageuka upande mmoja tu, wa kushoto, kwa hatua ndogo zenye mlio, kila hatua nusu dakika. Waliitengeneza hivyo kwa makusudi: ikigongwa kwa bahati mbaya, itamwonyesha mtu kwamba muda umekwisha kabla haujakwisha, naye atatoka majini mapema. Haiwezi kumdanganya akakaa zaidi.

Nilikuwa nampelekea dada yangu mkubwa paneli ya sola huko Ubwari, nyuma ya rasi. Boti lilikuwa la mbao, refu, limejaa saruji na chumvi, na abiria tisa tumekaa juu ya mizigo. Kapiteni Ramazani ni mtu wa Uvira wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwa. Babu yake na baba yake walipita njia hiyohiyo. Boti lake linavuja, kama mengi, na watu wawili wazima hushika zamu ya kuchota maji: Bosco na Lubunga. Kila zamu ni nusu saa. Kwa kawaida kapiteni hupima zamu kwa simu yake, lakini umeme ulikuwa umekatika Uvira tangu Jumapili na simu ilikuwa imezimika.

"Papa Fundi," aliniita, "ile saa yako iko inaogopa mayi?"

"Maji haiyaogopi."

"Basi utuazime. Itakaa hapa nyuma, kwenye musumari, karibu na wenye kuchota."

Niliwaonyesha Bosco na Lubunga jinsi ya kutumia pete: pembetatu kwenye mkono wa dakika mwanzo wa zamu, na mkono ukifika thelathini, zamu imekwisha. Walielewa mara moja. Bosco aliigeuza hatua kadhaa, akasikiliza mlio wake, akacheka.

"Ni saa ya kuogelea," nilisema.

"Na weye unajua kuogelea?" aliniuliza mama mmoja aliyekaa karibu.

"Hapana."

"Basi boti likizama, saa itafika Ubwari, weye utabaki chini unahesabu samaki, ndagala kwa ndagala."

Watu walicheka, nami pia. Huyo ndiye Mama Faida. Alikuwa na kartoni tatu zenye matundu, na ndani yake vifaranga mia moja na hamsini vya siku mbili. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote sita ili avinunue, dola moja na nusu kila kimoja. Kaka yake alikuwa anamngoja Ubwari na chumba chenye mbabula mbili, majiko ya makaa, maji ya uvuguvugu na chakula cha vifaranga.

"Wakifika leo jioni, iko sawa," aliniambia. "Wakilala inje na hii baridi ya ziwa, minye nimekwisha."

Tulingoja mifuko miwili ya chumvi iliyosahaulika barabarani. Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili.

Ziwani, zamu kumi na nane

Mimi nilikaa mbele, juu ya saruji, na paneli yangu imefungwa blanketi; Mama Faida na kartoni zake walihamia kando yangu. Boti likishaenda, abiria haruhusiwi kutembea juu ya mizigo, kwa hiyo saa yangu ilikuwa nyuma na mimi mbele, na kati yetu mita kumi na mbili za mifuko. Niliweza kuisikia tu kwa njia moja: kila zamu ikiisha, anayemaliza hupiga bidoni, dumu tupu la plastiki, mara tatu.

Kiangazi kilikuwa kimekaza, na moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umefunika ziwa. Baada ya saa moja milima ya Uvira ilifutika, na baadaye hata jua likawa doa jekundu tu. Mbele, nyuma na pembeni palikuwa na rangi moja ya majivu. Kapiteni alikuwa na dira ndogo aliyoifunga kwenye ubao, akaifuata.

Mimi nina tabia ya kuandika. Nilikuwa na simu ndogo ya vitufe, na kila bidoni lilipopigwa niliandika saa kwenye daftari. Zamu ya kwanza ilichukua dakika thelathini. Ya pili, thelathini. Ya tatu, ishirini na nane. Ya nne, ishirini na saba. Kuanzia ya saba zilikuwa ishirini na tano, ishirini na tatu, ishirini na mbili.

Hapa nakuja kwenye kosa langu, na nalisema wazi. Nilipoona hesabu hiyo nilifikiri mara moja: sumaku. Ndani ya mota ya boti mna sumaku kubwa, na nimesoma kwamba saa ya springi ikikaa karibu na sumaku inakimbia. Nilifurahi. Niliandika pembeni ya ukurasa: "Sumaku. Kuondoa nikirudi." Nilijua kwamba sumaku ya kufanya saa ikimbie kiasi hicho ingekuwa kubwa mno, lakini niliipenda fikra yangu, na mtu aliyejifunza peke yake vitabuni hufurahi sana anapokutana na kitu alichokisoma. Sikumwambia kapiteni. Niliona ni jambo la saa yangu, halimhusu.

Nilichokuwa sikijui ni namna kapiteni anavyohesabu njia. Nilikuwa nikimwona kila baada ya bidoni kupigwa anaingiza mkono mfuko wa kulia, halafu wa kushoto. Nilidhani ana njugu.

Saa sita Mama Faida alinipa muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki mkavu. Nami nilimpa chai yangu ya chupa, bado ya moto. Hakuinywa, alimwaga kidogo kwenye kitambaa, akakikamua, akakiweka chini ya kartoni ili kiwape vifaranga joto.

"Zinalia sana," nilisema.

"Kifaranga kikilia ni muzuri. Unaogopa ile ambayo iko kimya."

Kila mara aliniuliza saa, nami nilimjibu kwa simu. Alikuwa anahesabu zilizobaki mpaka jioni.

Saa nane na dakika ishirini na mbili bidoni lilipigwa kwa mara ya kumi na nane. Kapiteni alihamisha kitu chake kutoka mfuko hadi mfuko, akasema kwa sauti, "Tumepita rasi," na kugeuza boti upande wa kulia, moja kwa moja ndani ya moshi.

Pwani upande wa Mboko

Zamu mbili baadaye, saa tisa na dakika kumi, tuliona mchanga, mitumbwi imepinduliwa na nyavu za ndagala zimeanikwa. Mama Faida alisimama kabla boti halijagusa chini. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Hapa siyo kwetu," alisema.

Mzee mmoja alikuwa anatengeneza wavu. Kapiteni alimsalimia, akamuuliza tuko kijiji gani cha Ubwari.

"Ubwari?" Mzee alicheka bila kuinua kichwa. "Ubwari iko kule ngambo. Hapa ni upande wa Mboko, Kapiteni. Baba yako hakuwa anapotea hivi."

Rasi hatukuwa tumeipita. Hatukuwa tumeifikia. Tulikuwa tumegeuka mapema kiasi cha saa moja na nusu, tukatua pwani ya bara. Na upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Mawimbi yalikuwa yanapasuka meupe. Kapiteni alilitazama ziwa, akalitazama boti lake lililojaa saruji, akasema hatutoki mpaka asubuhi. Hakuna aliyebisha, maana kila mtu aliona.

Ndipo alipomwaga mfuko wake wa kushoto juu ya mchanga. Zilikuwa punje za mahindi, ishirini. Kutoka Kalundu mpaka kupita rasi ni zamu kumi na nane, na zamu mbili nyingine mpaka pwani ya Ubwari. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Siku za mwanga anaziangalia punje kwa mazoea tu, kwa sababu milima anaiona. Siku za moshi punje ndizo milima yake.

"Minye nimehesabu vizuri," alisema mbele ya watu wote. "Punje ziko ishirini. Ni saa ya Papa Fundi njo imetudanganya. Saa ya bei ya chini."

Watu walinigeukia. Nilikwenda nyuma ya boti, nikaitoa saa kwenye msumari, nikaiweka kando ya simu yangu mbele ya kapiteni. Mikono ya saa na simu ilipishana kwa sekunde nne. Nadharia yangu ya sumaku ilifia hapo, mchana kweupe.

"Saa haikukimbia," nilisema. "Angalia mwenyewe. Kitu kilichotembea ni pete."

Niliwaomba Bosco na Lubunga waje. Niliweka pembetatu kwenye mkono wa dakika, nikampa Bosco. "Nionyeshe ulivyokuwa unafanya katikati ya zamu."

Aliishika saa. Halafu akaweka kidole gumba kwenye pete na kuisukuma kushoto. Tulisikia mlio: moja, mbili, tatu, nne.

"Minye nilikuwa nasukuma kidogo tu," alisema. "Muntu anachoka. Mugongo."

"Kidogo gani? Uko unadanganya," Lubunga alimwambia.

"Na weye? Weye haukusukuma?"

Lubunga alicheka bila kutaka. "Nilisukuma. Lakini nilifikiri ni minye peke yangu."

Mzee wa wavu alicheka mpaka akaweka sindano yake chini. Kila mmoja alikuwa anamwibia mwenzake dakika tano au sita, na mwenzake anamwibia vilevile, kwa hiyo mwisho wa siku wote walichota sawasawa na hakuna aliyepata faida. Kwa kuwa pete haigeuki kulia, hata mmoja wao angetubu katikati ya zamu asingeweza kurudisha alichosogeza. Dakika zote zilikwenda upande mmoja, na kapiteni akazihesabu kwa mahindi.

Nilifungua daftari ili nimwonyeshe kapiteni kwamba hesabu inakubaliana. Jumla ya zamu kumi na nane: saa saba na nusu, badala ya tisa. Nilikuwa nasoma kwa sauti, zamu kwa zamu, na nakiri kwamba nilisoma kwa fahari. Mama Faida alikuwa amechuchumaa karibu na kartoni zake. Alingoja nimalize.

"Papa Fundi," alisema, "ulikuwa unaandika hayo yote tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Uliona zamu ziko zinapungua, na ukakaa kimya?"

Nilianza kumweleza habari ya sumaku. Nilifika katikati ya sentensi nikaacha, kwa sababu niliona uso wake.

"Ungesema saa sita," alisema, "Kapiteni angeuliza. Ile wakati tulikuwa tunakula muhogo."

Nililifunga daftari.

Makaa ya wavuvi

Jioni hiyo tulifanya kilichowezekana. Mzee wa wavu, ambaye mkewe alikuwa na nyumba ya kukaushia ndagala, alitupa chumba kimoja na mbabula. Makaa tulinunua kwa watu wa karibu, nusu gunia, kwa bei ya mgeni aliye na shida. Lubunga alienda kutafuta mahindi, akayasaga kwa jiwe mpaka yakawa unga mwembamba. Bosco alichemsha maji. Hakuna aliyewatuma.

Tatizo ni kwamba kifaranga cha siku mbili hakitaki moto mwingi wala moshi, na chumba kile kilikuwa cha moshi. Ukifungua mlango baridi inaingia. Ukiufunga wanakohoa kama watu. Mama Faida aliwagawa makundi sita ili wasikanyagane, akaniweka mimi kwenye makundi mawili. Kazi yangu ilikuwa kutia mkono mara kwa mara: wakisongamana wana baridi, wakitawanyika wakifungua midomo wana joto. Nilijifunza haraka, maana ni kazi ya kupima, lakini hakuna kitabu nilichowahi kusoma kilichonisaidia.

Tulikula ugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga, watu wote sahani moja kubwa. Kapiteni alikula kidogo. Alimwambia mzee, kama anayemalizia maneno aliyokuwa akiyasema moyoni, "Baba yangu alikuwa anapima zamu kwa kibuyu chenye tundu: mayi ikiisha ndani, zamu imekwisha. Kibuyu hakina pete."

"Lakini wachotaji walikuwa wanapanua tundu," mzee alimjibu.

Asubuhi vifaranga ishirini na tisa walikuwa wamekufa. Mama Faida aliwapanga mstari juu ya gunia, akawahesabu mara mbili, akawafunika. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba kati ya waliobaki, kumi na saba walikuwa wamelegea, na kwamba tuondoke.

Kuzunguka rasi

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano, ziwa likiwa tulivu. Safari hii kapiteni alipita karibu na pwani mpaka moshi ulipopungua na kilima cha rasi kikaonekana. Aliweka saa yangu mkononi mwake mwenyewe, na bidoni alilipiga yeye. Bosco na Lubunga walichota nusu saa kamili kila mmoja.

Katikati ya njia kapiteni aliniita nipite juu ya mizigo, jambo ambalo ni mwiko kwake.

"Hasara ya yule mama," alisema, "nitaikata kwa mushahara ya hawa wawili. Yote."

"Wana watoto," nilisema.

"Na minye nina boti lenye kuvuja. Unataka nani alipe?"

Nilimwambia kwamba hesabu yangu ni tofauti. Wachotaji walisogeza pete. Yeye alihesabu punje bila kuuliza saa, akiwa na abiria tisa na angalau simu nne. Na mimi niliziona dakika zikipungua, nikaziandika. Mafungu matatu.

Aliiangalia dira yake. "Abiria halipi. Sijawahi kuona."

"Nami sijawahi kuazimisha saa."

"Utalipa kwa sababu ya kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi Uvira yote watakuwa na madeni," alisema, akarudisha macho mbele. Lakini alikubali mafungu matatu, kwa sharti kwamba vifaranga watakaokufa baada ya siku ya pili hawahesabiwi.

Tulitua Ubwari kabla ya saa nne. Kaka yake Mama Faida alikuwa amekesha na mbabula zake mbili. Dada yangu alikuwa pwani pia, amekuja kuipokea paneli, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba nimekonda.

Ubwari, siku tano zaidi

Paneli niliifunga siku hiyohiyo, na taa tatu zikawaka. Siku ya pili jioni nilikwenda kwa Mama Faida. Wale kumi na saba waliolegea walikuwa wamekufa wote. Wengine mia moja na wanne walikuwa wanakimbia huku na huku chini ya taa ya mafuta. Waliokufa jumla arobaini na sita. Kwa dola moja na nusu kila mmoja, dola sitini na tisa. Kila fungu dola ishirini na tatu. Kapiteni alikuwa amekwisha leta mafungu mawili, lake na la wachotaji.

Mfukoni nilikuwa na dola ishirini na tano. Nilimpa ishirini na tatu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akazifunga kwenye kitenge. Sikutegemea anishukuru, na hakunishukuru.

"Keti," alisema. "Umekula?"

Nilikula kwake wali na maharage. Alinionyesha vifaranga vyote, kundi kwa kundi, na kuniuliza kama taa ya sola inaweza kukaa humo badala ya makaa. Nilimwambia taa ya namna yangu haina joto. Tulizungumza hayo mpaka jua likashuka.

Nauli ya kurudi ilikuwa dola kumi na nilikuwa nimebaki na mbili. Dada yangu alitaka kunipa, nikakataa, maana alikuwa amemaliza akiba yake kwa paneli. Kwa siku nne nilitengeneza redio na tochi za watu barazani kwake, nikapata dola tisa. Jumanne boti la Kapiteni Ramazani lilirudi Uvira, na alinidai nauli kamili. Njiani aliniomba tena saa. Nilimpa, nikakaa nyuma karibu na msumari, na kila nilipoona jambo nililisema, hata Bosco akaniomba nipumzike.

Kwa hiyo, kwa wanaouliza: saa ni nzima, bado inawahi kwa sekunde tisa kwa siku. Nililipa dola ishirini na tatu, nikapata tisa. Nimepoteza dola kumi na nne.